Mgeni wa Ikupa Anaitwa Nani?

Mpwa wangu alinipigia simu nikiwa kwenye meza yangu ya vikapu hapa Iringa, mteja kashika kikapu mkononi tunavutana bei, akaniambia, "Shangazi, mama amenikana."

"Amekukana vipi? Mama yako? Ikupa?"

"Watu wa viza wamempigia kumuuliza kama ananijua. Wakamuuliza mgeni anayemtarajia anaitwa nani. Amekataa kulitaja jina langu, shangazi. Kakataa kabisa. Wamesimamisha ombi langu. Wameandika kwamba mwenyeji ameshindwa kumtambua mgeni."

Yule mteja nilimpa kikapu kwa bei aliyoitaka mwenyewe, jambo ambalo mimi silifanyi hata nikiwa na njaa, nikakaa kwenye kigoda. Nilijua palepale kosa limetokea wapi. Hasira zikanipanda, nikaingiwa na huruma, kisha hasira zikanipanda tena.

Ngoja kwanza niwaambie huyu Ikupa ni nani, maana bila kumjua mtasema ni mama wa ajabu.

Ikupa ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Yakobo. Sisi ni Wanyakyusa wa Mwakaleli, ila kaka alijenga Igawilo, Mbeya, kwenye barabara ya kwenda Tukuyu. Mimi niliolewa na Mhehe nikahamia Iringa, na huku ndiko ninakouza vikapu vya milulu, yale majani ya bondeni. Ikupa analima viazi na kabeji nyuma ya nyumba, ni mzee wa kanisa kule Moraviani, hapendi umbea, hakopi chumvi kwa jirani, na heshima yake imepitiliza. Hapo kwenye heshima ndipo penye balaa.

Kwetu, kwa desturi ya zamani, mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, na akikutana naye njiani anaingia kwenye majani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha. Wakamwana wa leo wanakaa sebuleni na baba mkwe wanatazama mpira, tena wanabishana naye. Ikupa hajaacha. Sasa baba yangu anaitwa Anyelwisye, na katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake. Ikupa akajaliwa mtoto wa kiume, huyo mmoja tu, wakampa jina ambalo mama yake mwenyewe hawezi kulitamka.

Tangu siku hiyo anamwita Tata, ndiyo baba kwa lugha yetu. Kliniki alikuwa anamsukumia nesi kadi na kuweka kidole penye jina. Siku ya kumwandikisha shule alinitoa mimi Iringa kwa basi, nije kulitaja kwa mwalimu! Majirani wote wa Igawilo wanamwita Mama Anye, naye anaitika vizuri tu, lakini mtu akimuuliza Anye kirefu chake nini, anaanza kuangalia kuku. Nilikuwa namtania, "Wifi, mwanao akipotea sokoni utafanyaje? Utasimama katikati uite Tata, waje wanaume wote wa Mbeya?" Anacheka mpaka anafuta machozi. Kulitaja, hathubutu.

Mtoto akakua, akaenda Ulaya kusoma, akapata kazi huko, akaoa huko, mwisho akachukua uraia wa huko. Na ukichukua wa kwao, wa kwetu unauachia. Kaka yangu alifariki katikati ya mambo hayo, kijana pasipoti ya zamani keshairudisha na mpya haijatoka. Tukamzika Yakobo bila mwanawe. Siku ile Ikupa alikuwa anageuka kila gari lilipopita barabarani, mpaka udongo ukaisha.

Baadaye kijana alikuja kuona kaburi. Alilipia viza palepale aliposhuka kwenye ndege, akagongewa muhuri, akaja nyumbani akala ndizi. Mimi nilikasirika hata siku hiyo. Jamani, mtoto kitovu chake kimezikwa Mwakaleli, analipa kiingilio kuingia kwao, sawasawa na Wazungu wanaokwenda kutazama tembo Ruaha? Akanicheka. "Shangazi, ndiyo sheria, na mimi nilichagua mwenyewe." Hasira zangu hazikumwondolea hata senti.

Sasa mwaka huu Baba akaugua. Tulishamtoa Mwakaleli tukamleta Igawilo kwa Ikupa, chumba cha mwisho chenye mlango wake wa nje. Macho yalishazima, ila masikio yake yanasikia mpaka panya anayepita darini. Madaktari walisema tumrudishe nyumbani tumpe uji na maneno mazuri, na anayejua lugha ya madaktari ameelewa. Baba hakuomba dawa wala mchungaji. Aliomba kitu kimoja tu. "Wajina wangu yuko wapi? Nataka nimshike kichwa kabla sijaondoka."

Na wakati huohuo taratibu zikabadilika. Wa kwanza kuniambia alikuwa Obeid, dereva anayewapeleka watalii Ruaha, huwa anasimama kwenye meza yangu wageni wake wachague vikapu. Akasema wageni wamepungua, na waliokuja wanalalamika njia nzima. Kwa pasipoti za nchi fulani fulani hakuna tena kulipia ukishuka. Unaomba mtandaoni kabla hujapanda ndege, ada imepanda, ombi likikataliwa hela hairudi, na kama unafikia nyumbani kwa mtu, mtu huyo anapigiwa simu athibitishe. Nikamuuliza nchi zipi. Alipofika ya tatu, ndiyo ya mpwa wangu, nilimwambia basi, nyamaza, imetosha.

Mpwa wangu aliomba, akalipa, akaandika mwenyeji wake ni mama yake. Angemwandika nani mwingine? Hakufikiria, na mimi shangazi mtu mzima sikufikiria.

Kesho yake asubuhi nikapanda basi la Mbeya. Makambako sikushuka hata kununua mahindi. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Ikupa, makali yote. Nilipomkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, kiganja shavuni, macho yamevimba, yale makali yakapungua kidogo. Kidogo tu.

"Wifi, umefanya nini?"

"Niliongea naye vizuri," akasema. "Akaniuliza jina la mgeni. Nikamwambia ni mwanangu wa kumzaa. Akasema taja jina. Nikamwambia baba, jina si unalo hapo kwenye kompyuta yako? Akasema anataka alisikie kwangu. Nikamwambia mimi hilo silitaji, ni la baba mkwe wangu. Akasema, mama, sikuulizi habari za baba mkwe, nakuuliza habari za mgeni."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikanyamaza. Akasema asante, akakata." Akaanza kulia. "Esther, nimemfungia mlango mwanangu. Baba yake hakumzika, na babu yake naye atazikwa hivihivi, na safari hii ni mimi."

Mweeh! Utamgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Nikakaa naye pale kizingitini. Nilitaka kumkasirikia yule kijana wa simu nikashindwa pia. Kijana wa watu anatimiza kazi yake, pengine kazaliwa mbali huko, mambo ya Wanyakyusa atayajulia wapi? Mama anayekataa kutaja jina la mwanawe, hata mimi ningemshuku.

Tukampigia mpwa wangu. Akasema ameuliza kama anaweza kuniandika mimi badala ya mama. Wakamjibu inawezekana, ila ni ombi jipya, ada mpya, na kusubiri upya. Hela angetafuta. Muda ndio hatukuwa nao, na muda hauuzwi. Amewabembeleza, wamekubali kumpigia mwenyeji mara moja ya mwisho. Lini, hawakusema.

Basi ikawa kazi ya kusubiri simu. Nisiwadanganye, sijawahi kuishi siku ngumu kama zile. Simu ya Ikupa ni ile ndogo ya vibonyezo. Ilikula umeme kuliko sisi tulivyokula chakula. Akienda shambani ipo kwenye pindo la khanga, akienda chooni anaishika mkononi. Ikiita tunaruka wote. Mara ni mwenye kudai hela ya mbolea, mara ni kwaya, mara ni wale wa kutangaza bahati nasibu, nikawatukana matusi ambayo namwomba Mungu anisamehe. Na huku ukutani tunamsikia Baba anakohoa, kila asubuhi kwa sauti ndogo kuliko ya jana.

Nikamwambia Ikupa, "Lete hiyo simu nikae nayo mimi. Wakipiga nitasema mimi ndiye Ikupa, nitawatajia jina mpaka la kipaimara, tumemaliza."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Utakuwa umesema wewe? Nitasema mimi!"

"Kwa jina langu, Esther. Kama ananiuliza mimi, nijibu mimi. Nimeshamkana mwanangu mara moja, nisije nikajikana na mwenyewe."

Basi nikaamua kumfundisha. Jikoni, mlango umefungwa, sufuria ya viazi inachemka. "Sema A." "A." "Sema Anye." "Anye," kwa kunong'ona, jasho linamtoka kwenye baridi ile ya Mbeya ya mwezi wa saba. "Haya, malizia." Akafungua mdomo. Nikaona shingo inafanya kazi kama mtu aliyekabwa na mfupa, ila sauti haitoki. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kweli. Kisha nikaona macho yake yako kwenye ukuta wa chumba cha Baba, nikaacha. Wazee walimwambia siku ya kuolewa kwamba mkamwana akilitaja jina la mkwe, anamwitia mikosi mwenye jina. Wewe sema ni ya kale hayo. Kwa Ikupa, kulitaja na mzee yuko mahututi ilikuwa sawa na kumsukuma kaburini.

Mjue Ikupa na Baba walivyokuwa wanaishi. Uji wa Baba anaupika yeye, anauweka mlangoni, anarudi nyuma. Shadrack, jirani yetu, ndiye anaingia kumlisha na kumsafisha. Ikupa anasimama nje, anasikiliza kama uji umemezwa. Usipomezwa, jioni anaupika mwepesi zaidi. Shuka za mzee anazifua yeye, anajua mwili wake unavyokwisha kwa kuziangalia, na uso wake haujui. Nyumba moja, ukuta mmoja.

Simu iliita asubuhi moja yenye upepo. Ikupa alikuwa anaanika hizo shuka kwenye kamba, nyuma ya chumba cha Baba, dirisha liko wazi ili hewa iingie. Mimi nilikuwa namenya viazi. Niliona anatoa simu kwenye pindo, anaisikiliza, anapiga magoti chini palepale kwenye majani yenye umande. Nikaacha kisu nikakimbia.

"Ndiyo, ni mimi Ikupa," anasema. "Ndiyo. Namtarajia."

Niliisikia sauti ya yule kijana, yenye adabu tu. "Mama, hii ni mara ya mwisho kukupigia. Mgeni wako anaitwa nani?"

Ikupa alifumba macho. Nilitamani niinyang'anye ile simu. Niliuma kidole changu, alama ninayo mpaka leo.

"Anyelwisye," akasema.

Kwa sauti ndogo kabisa. Na upepo ule!

"Sijakusikia, mama. Simu inakatakata. Rudia."

Jamani, jamani. Mtu kapanda mlima mzima, wanamwambia ashuke apande tena. "Anyelwisye."

"Mama, sikusikii. Haloo?"

Hapo ndipo kitu kilipomkatika ndani, sijui niite nini, woga au hasira au uchungu wa mama. Alisimama na shuka ikimpiga usoni, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Anyelwisye! Anaitwa Anyelwisye! Anyelwisye ni wangu!"

Na dirishani, ndani kule, Baba akaitika.

"Eeh! Nipo!"

Simu ilianguka. Niliiokota mimi, yule kijana alikuwa anasema asante mama, inatosha, nimesikia. Ikupa alikuwa chini, amejifunika khanga kichwa kizima. Baba akauliza mara moja tu, "Nani ananiita?" Hakuna aliyemjibu.

Mchana ule Baba alikataa uji. Na jioni akaukataa. Shadrack alitoka na bakuli limejaa, na Ikupa alilitazama lile bakuli kama hukumu yake. Viza ilitoka kesho yake. Mpwa wangu alipiga simu anapiga kelele za furaha, keshakata tiketi. Nilimpa mama yake aongee naye, akasema, "Njoo salama, Tata," akanirudishia simu. "Nimemfungulia mmoja, nimemfungia mwingine," akaniambia. Nikamwambia acha ujinga, mzee anaumwa tangu mwezi wa tatu, haumwi kwa sababu yako. Ila hata mimi nilikuwa naogopa. Niseme ukweli, niliogopa sana.

Siku ya pili Baba alimwambia Shadrack, "Mwambie mke wa Yakobo aingie."

Ikupa hakuamini. Nilimsindikiza mimi, nimemshika kiwiko. Aliingia amejitanda khanga, akapiga magoti mlangoni, amempa mzee mgongo. Chumba kilikuwa kinanuka dawa ya kuchua. Baba alikuwa mdogo kitandani, nilishtuka ingawa nilimwona jana yake.

"Nani aliniita juzi?" akauliza.

"Ni mimi, baba. Nisamehe. Nilikuwa namtaja mtoto kwa watu wa serikali. Sikukukusudia wewe."

"Nakuuliza kwa sababu niliitika." Akapumua, tukasubiri. "Unajua ni lini mara ya mwisho mtu aliniita jina langu? Mama Yakobo aliniita Baba Yakobo mpaka anakufa. Ninyi mnaniita baba. Hao wengine babu, mchungaji ananiita mzee, huyu Shadrack mzee wangu. Walioniita Anyelwisye ni wenzangu tuliochunga wote ng'ombe, na wote nimewazika. Nilikuwa nimelala pale nikasikia naitwa. Nikajua ndio hao, wamekuja kunichukua. Nikaitika, niko tayari. Kumbe ni wewe unaanika shuka."

Akacheka, kicheko chenye kikohozi. Mimi nilikuwa nalia zamani.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Geuka huku. Niite tena."

Ikupa aligeuka. Akamtazama baba mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipoletwa kwetu akiwa bibi harusi, na wote wawili nywele nyeupe. Akamwita. Siku hiyo Baba alikunywa uji, akilishwa na yeye.

Lakini mwili ulishachoka. Siku ya ndege ilipofika alikuwa halali wala haamki, anaelea tu. Ndege ya kutoka Dar ikachelewa. Nilikuwa nasimama barabarani, narudi ndani, nasimama barabarani tena, na kila gari linalopita silo. Ikupa hakutoka nje hata mara moja. Alikaa kitandani kwa mzee, kamshika mkono, anamwita polepole kila anapoona pumzi inakawia. Anyelwisye. Anyelwisye, ngoja kidogo. Na mzee anarudi.

Teksi ilipofika nilishindwa hata kumkumbatia mpwa wangu. Nilimvuta mkono tu, na begi lake begani, mpaka mlango wa chumba cha babu yake. Mama yake alikuwa ameinama sikioni kwa mzee, hakutusikia.

"Anyelwisye," anaita. "Anyelwisye, amka."

"Naam, mama," mpwa wangu akaitika pale mlangoni. Mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, hajawahi maishani mwake kusikia mama yake akilitaja jina hilo.

Baba akafungua mdomo. "Ameitika mwingine," akasema.

"Ni wajina wako, baba. Amefika."

"Basi mwite aje."

Ikupa akainua kichwa, akamtazama mwanawe, akamwita kwa jina lake.